Kwa nini Melbourne hawafungi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safu butu ya Demons

Wapenzi wa klabu ya Melbourne, katika ligi kuu ya futiboli ya Australia (AFL), wamebishana jambo moja tangu 2022: timu inaupata mpira, inaufikisha mbele, kisha hakuna kinachotokea. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila wiki. Majibu yanahusu timu ya wanaume na yanaishia kwenye usajili wa mwishoni mwa 2025.

## Ya mwanzo, kwa mgeni wa mchezo

Melbourne ipi hii? Si mji mzima ni wa mpira?

Ni kweli, timu tisa kati ya 18 za AFL zina asili ya mji huo mmoja. Hapa tunazungumzia klabu inayoitwa Melbourne yenyewe, jina la utani Demons, iliyoanza 1858 na ambayo ni miongoni mwa klabu kongwe kabisa za mpira duniani. Jezi yao ni nyekundu na bluu iliyokoza. Usiwachanganye na Mashetani Wekundu wa Manchester, ingawa kwa kuwapa mashabiki presha hawapishani sana.

Nimeona matokeo yameandikwa 9.17 (71). Ndiyo nini?

Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne: miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita safi kati ya ile mirefu, hilo ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya mrefu na mfupi, ukigonga mlingoti mrefu, au ukiguswa na beki njiani, unapata pointi 1 tu, ambayo humu tutaiita pointi ya kando. Kwa hiyo 9.17 ni magoli tisa (54) na pointi za kando 17, jumla 71. Hakuna kipa wala wavu, hivyo ule msemo wetu wa "kucheka na nyavu" huku hauna pa kushika.

Safu ya mbele ni akina nani?

Kila timu ina watu 18 uwanjani, na kwa kawaida sita huhesabiwa kuwa wa mbele. Warefu wawili au watatu kazi yao ni kudaka. Ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi kabla haujagusa chini, mchezo unasimama na unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Wadogo wanazunguka miguuni mwa warefu, wanaokota makombo mpira ukidondoka, na mpira ukichukuliwa na mabeki wanawakaba wasitoke nao. Katikati yao kuna wa kimo cha wastani wanaoweza kazi zote mbili.

Hakuna kuotea. Tangu 2019 kuna sheria kwamba mpira unapoanzishwa katikati ya uwanja, kila timu iwe na watu sita mbele, sita kati na sita nyuma. Mchezo ukishaanza, kila mtu huenda anapotaka, na mara nyingi beki wote sita wanaongezewa msaada.

"Kuingia hamsini" maana yake nini?

Uwanjani kuna tao lililochorwa mita 50 kutoka golini. Kila mpira unapovuka tao hilo kwenda mbele, inahesabiwa timu imeingia hamsini mara moja. Hesabu hii inaonyesha washambuliaji wamelishwa kiasi gani. Ukiingia mara nyingi kuliko mwenzako na ukafungwa, ndipo neno "butu" linapotoka midomoni mwa watu.

## Ubishi wenyewe

Kweli safu ni butu, au ni kelele za mashabiki waliozoeshwa vibaya na ubingwa?

Chukua Septemba 2023 peke yake. Mechi ya kwanza ya mtoano, dhidi ya Collingwood, Melbourne waliingia hamsini mara 69, wenzao 37. Rudia kuisoma hiyo: mara 32 zaidi. Matokeo: Collingwood 9.6 (60), Melbourne 7.11 (53). Wiki iliyofuata, dhidi ya Carlton: Carlton 11.7 (73), Melbourne 9.17 (71). Msimu ukaisha hapo.

Jumlisha mechi mbili: magoli 16, pointi za kando 28. Kwa Carlton, pointi moja ya kando ikigeuka goli inaongeza pointi 5, na Melbourne wanashinda. Kwa Collingwood zilihitajika mbili. Mipira mitatu, basi. Collingwood ndio waliobeba ubingwa mwaka huo, na kwa ushindi wa pointi nne tu kwenye Fainali Kuu, kwa hiyo mtu wa Melbourne anayesema "ule ulikuwa wetu" haropoki.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2022 walianza msimu kwa kushinda mechi 10 mfululizo, wakamaliza wa pili, kisha wakapoteza mechi mbili za mtoano mfululizo, kwa Sydney na kwa Brisbane, zote kwenye uwanja wao wa MCG. Misimu miwili, mlango uleule. Kwa hiyo hapana, si kelele.

Basi mbona 2021 walifunga mpaka ikawa aibu kwa wengine?

Swali zuri, na ndilo linaloharibu hoja za watu wengi. Katika Fainali Kuu ya 2021, iliyochezwa Perth kwa sababu ya korona, Melbourne waliifunga Western Bulldogs 140 kwa 66 na kumaliza miaka 57 bila ubingwa. Bayley Fritsch alifunga magoli sita. Katika robo ya tatu kati ya nne za mchezo walikuwa nyuma kwa pointi 19. Kuanzia hapo wakafunga pointi 100 wakaruhusu 7.

Lakini tazama magoli yale yalivyopatikana. Mengi yalianzia katikati: mrukaji (yule mrefu anayeruka kugombea mpira unapoanzishwa) anaugonga mpira, Christian Petracca au Clayton Oliver anauchukua akiwa mbioni, na mbele bado kuna nafasi kwa sababu mabeki hawajarudi. Mechi ya nusu fainali kabla ya hiyo, dhidi ya Geelong, nahodha Max Gawn ambaye ni mrukaji alifunga matano yeye mwenyewe. Yaani timu ilifunga kutokana na kasi ya kiungo na ukuta wa nyuma wa Steven May na Jake Lever uliokuwa unarudisha kila mpira. Washambuliaji warefu walikuwa wanakula meza iliyokwisha andaliwa. Ubingwa ule ulificha udhaifu, na wapinzani walipojifunza kuchelewesha kasi ya katikati, ukaonekana.

Kwa kifupi: tatizo ni washambuliaji, au mpira unaowafikia?

Mpira unaowafikia. Najua kuna wasiokubali, na hoja yao iko kwenye sehemu ya wachezaji, lakini mimi msimamo wangu ni huo.

Kwa miaka kadhaa Melbourne walicheza butua butua ya makusudi. Mpira mrefu, juu, kuelekea pembeni mwa hamsini, karibu na mstari wa nje. Mantiki yake ilikuwepo: usipodakwa na wetu, utatoka nje au utadondoka, tutaukabia hapohapo, na mpinzani hatapata njia rahisi ya kutoka. Ilikuwa mbinu ya kulinda ukuta, iliyovaa jezi ya ushambuliaji. Ndiyo maana hesabu ya kuingia hamsini ilikuwa kubwa: mpira ulikuwa unatoka kidogo na kurudishwa, kutoka kidogo na kurudishwa, mara tatu au nne kwa shambulizi moja. Zile 69 dhidi ya Collingwood zisome kwa jicho hilo.

Shida ni kwamba mpira wa juu unaoning'inia ni chakula cha beki. Ligi hii ina mabeki ambao kazi yao ni hiyo tu, kumwacha mtu wao na kwenda kudaka. Mfano mzuri ni Aliir Aliir wa Port Adelaide, mtoto wa wazazi wa Sudan Kusini aliyezaliwa kambi ya Kakuma, kule Turkana nchini Kenya, na aliyechaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi cha 2021. Mtu kama huyo ukimbutulia mpira wa juu unamfanyia hisani. Mshambuliaji anataka mpira wa chini, wa haraka, unaomkuta akikimbia kuufuata, kabla beki wa pili hajafika.

Na pembeni huko mpira unakopelekwa, hata ukidakwa, unapiga ukiwa na pembe mbaya. Hapo ndipo zinapotoka zile pointi za kando 17.

Kwa hiyo kukosa magoli rahisi si tatizo? Nimewaona kwa macho yangu.

Ni tatizo, ila si kubwa kama linavyoonekana. Pointi ya kando haina maana ya mtu kukosa akiwa mita 20 mbele ya goli. Nyingine ni beki ameupeleka mwenyewe mpira nyuma ya mstari kujiokoa, nyingine ni mpira uliopigwa kwa haraka katikati ya msongamano. Walizikosa na za wazi, hilo siwatetei. Ila timu inayopiga kutoka pembeni wiki baada ya wiki isishangae ikikosa.

## Wachezaji, mmoja mmoja

Ben Brown hakuwa jibu?

Alikuwa, kwa muda. Alitoka North Melbourne mwishoni mwa 2020 akiwa na sifa ya kufunga magoli zaidi ya 60 kwa misimu mitatu mfululizo, 2017 hadi 2019, na alicheza Fainali Kuu ya 2021. Goti ndilo lililomshinda. Alistaafu 2024. Tom McDonald naye aliandamwa na majeraha ya mguu, na mwishowe akarudishwa kuwa beki, alikoanzia. Anayesema klabu haikuwa na warefu baada ya 2021 yuko sahihi, ila walikuwa wameajiriwa. Walikuwa tu kwa daktari.

Harrison Petty: beki au mshambuliaji?

Beki. Ubingwa wa 2021 aliupata akiwa nyuma. Mwaka 2023 alipelekwa mbele, akafunga sita dhidi ya Richmond, watu wakaandika hadithi nzima, kisha akaumia mguu kabla ya mtoano. Mechi moja nzuri ikamgharimu misimu ya kuhamishwa huku na huko kama stuli ya jikoni.

Jacob van Rooyen je?

Subira. Alichaguliwa wa 19 kwenye drafti ya 2021 (mgawo wa kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, timu dhaifu zikitangulia) na alianza kucheza 2023, akiwa kijana kabisa, akakabidhiwa beki bora wa kila timu kwa kuwa hapakuwa na mrefu mwingine wa kumgawia mzigo. Warefu wa mbele hukomaa polepole katika mchezo huu. Kumhukumu akiwa peke yake dhidi ya mabeki wawili, mpira ukija kama ilivyoelezwa kwenye "tatizo ni washambuliaji, au mpira unaowafikia", ni kumwonea.

Kwa nini Gawn asihamie mbele moja kwa moja? Ni mrefu kuliko wote.

Kwa sababu ndiye mrukaji bora wao, na ukimtoa katikati unapoteza mpira wa kumlisha. Klabu ilijaribu kuzunguka tatizo hili: Luke Jackson alipoondoka kwenda Fremantle mwishoni mwa 2022, akaletwa Brodie Grundy kutoka Collingwood, mrukaji wa pili wa daraja la juu, ili wapokezane kati na mbele. Haikuzaa. Grundy si mfungaji, alimaliza msimu wa 2023 akiwa nje ya kikosi cha kwanza kwa vipindi, kisha akaenda Sydney. Warukaji wawili wazuri hawageuki kuwa mrukaji mmoja na mshambuliaji mmoja.

Nani hasa amefanya kazi yake?

Fritsch na Kysaiah Pickett. Fritsch alifunga 59 mwaka 2021 na 55 mwaka 2022 bila kuwa mrefu. Pickett ndiye burudani: kasi, ujanja, na goli litokalo mahali ambapo hapakuwa na goli. Dosari yake ni kufungiwa kwa kuwagonga watu vibaya. Msimu wa 2025 aliuanza jukwaani kwa sababu ya adhabu ya mwaka uliotangulia. Nimtaje pia Alex Neal-Bullen, ambaye mashabiki wengi hawakumthamini mpaka alipokwenda Adelaide mwishoni mwa 2024. Alikuwa hafungi sana, ila alikuwa anakimbia na kukaba kwa ajili ya wenzake watatu.

Ni kweli waliwahi kuwa na Jesse Hogan wakamwacha aende?

Ni kweli, na inauma. Hogan alikuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi 2015 akiwa Demons. Mwishoni mwa 2018 akaenda Fremantle, baadaye Greater Western Sydney, na mwaka 2024 akashinda Coleman, medali ya mfungaji bora wa msimu, kwa magoli 69. Melbourne mwaka huohuo walimaliza wa 14.

Lakini tuwe wakweli: pale Fremantle Hogan hakung'ara, na ubingwa wa 2021 ulipatikana bila yeye. Kati ya kumwacha na kuchanua kwake ilipita miaka sita. Mchezaji wa mwisho wa Melbourne kushinda Coleman bado ni David Neitz, magoli 75, mwaka 2002. Yeye pia ndiye mfungaji bora wa muda wote wa klabu, magoli 631.

## Usajili

Kwa nini klabu isitoe pesa ikanunua mshambuliaji wa maana?

Kwa sababu huku hakuna kununua. Hili linawachanganya sana wanaotoka kwenye soka. Hakuna ada ya uhamisho. Klabu zinabadilishana wachezaji kwa wachezaji, au kwa nafasi za kuchagua vijana kwenye drafti, katika dirisha moja la Oktoba. Mshahara wa kikosi kizima una ukomo uliowekwa na ligi, sawa kwa wote. Na mchezaji lazima akubali kwenda. Kwa hiyo swali "pesa ziko wapi" halina kazi. Swali ni "tunatoa nini?" na "nani anataka kuja?"

Isitoshe, wafungaji wa kutisha wamepungua ligi nzima. Wa mwisho kufikisha magoli 100 katika msimu ni Lance Franklin wa Hawthorn, mwaka 2008.

Basi mbona hawakuchagua washambuliaji kwenye drafti?

Walielekeza nguvu kwingine. Mwaka 2024 walimchukua Harvey Langford wa sita na Xavier Lindsay wa 11, wote watu wa kiungo. Ili kumpata Lindsay waliipa Essendon nafasi yao ya raundi ya kwanza ya 2025. Kisha wakaanza 2025 kwa kupoteza mechi tano mfululizo, na nafasi ile ikawa ya thamani kubwa mikononi mwa mwingine. Vijana wenyewe ni wazuri. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kuweka rehani kesho ya timu ukiwa umetoka kumaliza wa 14.

Mac Andrew alikuwa wa kwetu?

Nusu. Alikulia kwenye akademia ya Melbourne, kijana mrefu wa familia ya Sudan Kusini, mwenye mruko wa ajabu. Sheria ilibadilishwa ili klabu zisiweze kuwadai vijana wa akademia hizo wakichaguliwa ndani ya 20 za kwanza, na Gold Coast wakamchukua wa tano mwaka 2021. Wengi humtaja kama mshambuliaji aliyepotea, ila huko Gold Coast sehemu kubwa amejenga jina akiwa beki.

Brody Mihocek atamaliza tatizo?

Atalipunguza. Amekuja kutoka Collingwood mwishoni mwa 2025 akiwa na miaka 32 na medali ya ubingwa wa 2023. Ni mpiganaji, anajua kuvuta beki, na faida yake kubwa ni kumpumzisha van Rooyen. Si mtu wa kujengea miaka mitano.

## Maswali ya pembeni

Kocha Simon Goodwin ndiye wa kulaumiwa?

Mbinu ya kubutua ilikuwa yake, na ubingwa pia ulikuwa wake. Alifukuzwa Agosti 2025, siku chache baada ya timu kuongoza kwa pointi 46 ikiingia robo ya mwisho dhidi ya St Kilda na bado ikapoteza. Wiki moja baada ya kipigo hicho waliisambaratisha West Coast, lakini barua ilikuwa imeshaandikwa. Nafasi yake imechukuliwa na Steven King, aliyekuwa msaidizi Geelong. Kwa haki, mwaka huo wa mwisho walijaribu kucheza kwa haraka zaidi. Wachezaji waliofundishwa kitu kimoja kwa miaka hawabadiliki kwa miezi.

Petracca angepelekwa mbele moja kwa moja, si tungemaliza kazi?

Aliwahi kucheza mbele kwa vipindi na alikuwa hatari. Ila kila dakika aliyokaa mbele, kiungo kilidorora. Ni hadithi ileile ya Gawn hapo juu. Sasa swali limejifuta lenyewe: yuko Gold Coast, na Oliver yuko Greater Western Sydney.

Timu inaweza kuwa bingwa bila warefu wakali?

Inaweza. Richmond walifanya hivyo 2017 wakiwa na mrefu mmoja wa kutegemewa mbele, Jack Riewoldt, akizungukwa na wadogo wenye mbio waliokaba kama nyuki. Ila wao mpira waliuingiza kwa fujo ya kasi, chini chini. Huwezi kuchukua wadogo wa Richmond ukawapigia mipira ya juu ya Melbourne.

Nikiangalia mechi yao, nitazame nini nijue kama wamepona?

Achana na hesabu ya kuingia hamsini. Tazama mtu wa Melbourne anapopata mpira kwenye kiungo: je, anainua kichwa kabla ya kupiga? Kisha mtazame mshambuliaji: anaukimbilia mpira ukija mbele ya kifua chake, au amesimama akiangalia juu pamoja na mabeki wawili? Mipira mitano ya kwanza ikiwa ya aina ya pili, nenda kachemshe chai, robo bado ndefu.